Elimu ya Sanaa katika Shule za Umma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo huulizwa na wazazi, walimu, wakuu wa shule na wajumbe wa kamati za shule, hasa ratiba ya mwaka inapopangwa na bajeti inapopunguzwa. Baadhi yana majibu mafupi. Mengine, hasa lile la sanaa na alama za hisabati, yamezungukwa na madai mengi kiasi kwamba hayawezi kujibiwa kwa mkato bila kumpotosha msomaji.

Elimu ya sanaa inajumuisha masomo gani?

Kwa kawaida inajumuisha sanaa za ufundi, yaani uchoraji, uchongaji, ufinyanzi, ususi, ufumaji na ubunifu wa michoro, pamoja na sanaa za maonyesho, yaani muziki, maigizo na ngoma. Mitaala mingi ya siku hizi imeongeza upigaji picha na utengenezaji wa filamu fupi. Fasihi nayo ni sanaa, lakini kwa kuwa ina makao yake katika masomo ya lugha, haitazungumziwa hapa.

Inafaa kutenganisha somo na tamasha. Kikundi cha wanafunzi wachache kinachofanya mazoezi kwa wiki mbili ili kiwatumbuize wageni siku ya wazazi kinafanya jambo jema, lakini mamia ya wenzao wanaoketi na kutazama hawajafundishwa chochote. Somo ni kile ambacho kila mwanafunzi anakipata, chenye mwalimu, chenye hatua zinazofuatana na chenye nafasi yake kwenye ratiba. Shule nyingi zinazojisifu kuwa na sanaa zina tamasha tu.

Je, sanaa si anasa iliyoongezwa baada ya masomo ya lazima kutimizwa?

Historia haisemi hivyo. Nchini Marekani, jiji la Boston liliingiza muziki katika shule zake za umma mwaka 1838. Mwaka 1870 jimbo la Massachusetts lilipitisha sheria iliyoufanya uchoraji kuwa sehemu ya masomo ya shule za umma, na hoja iliyotawala wakati huo haikuwa ya kupamba maisha: viwanda vilihitaji watu wanaoweza kuchora mashine na kubuni vitambaa, na wenye viwanda waliona kwamba bidhaa za Ulaya zinawashinda kwa umbo na urembo. Huko Finland, Uno Cygnaeus, mwasisi wa shule za msingi za umma za nchi hiyo, alihakikisha kwamba kazi za mikono zinaingia katika shule za watu wote tangu 1866, na zimebaki katika mtaala wa nchi hiyo hadi leo. Somo hili lililetwa na watu waliokuwa wakihesabu faida na hasara, na ni baadaye tu ndipo likaanza kuitwa pambo.

Upo pia msingi wa kisheria. Ibara ya 27 ya Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948 inatambua haki ya kila mtu kushiriki katika maisha ya kitamaduni na kufurahia sanaa, na kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 kinairudia haki hiyo kwa ajili ya mtoto. UNESCO imeitisha mikutano ya dunia kuhusu jambo hili mjini Lisbon mwaka 2006, Seoul mwaka 2010 na Abu Dhabi mwaka 2024. Hati hizo hazimlazimishi mkuu wa shule kununua hata brashi moja, lakini zinageuza mzigo wa hoja: anayeliondoa somo ndiye anayepaswa kujieleza.

Kwa nini somo hili liwe katika shule ya umma, badala ya kuachiwa madarasa ya jioni na miradi ya hiari?

Kwa sababu kitu cha hiari humfikia kwanza mtoto ambaye tayari ana nafasi. Mfano ulio wazi zaidi unatoka Venezuela, ambako José Antonio Abreu alianzisha mwaka 1975 mpango wa okestra za watoto unaojulikana kama El Sistema. Mpango huo ulisifiwa duniani kote kwa nia yake ya kuwainua watoto maskini. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2017, ambao ulifuatilia watoto 2,914 wa miaka 6 hadi 14 katika vituo 16, ulikuta kwamba umaskini miongoni mwa watoto walioandikishwa ulikuwa asilimia 16.7, ilhali miongoni mwa watoto wa majimbo yenye vituo hivyo ulikuwa asilimia 46.5. Mpango haukumfukuza mtu yeyote. Ila ili mtoto afike kwenye mazoezi ya jioni, sharti awepo mzazi aliyesikia habari, mwenye muda wa kumpeleka na kumfuata, na asiyemhitaji mtoto huyo kwa kazi za nyumbani saa hizo.

Shule ya umma haina mchujo huo. Mtoto yupo darasani tayari, na kipindi kinapofika anapata alichopata jirani yake. Miradi ya nje ya shule inastahili kuungwa mkono, lakini inaongeza juu ya msingi, na pasipo na msingi inaongeza tofauti kati ya watoto.

Mtoto anajifunza nini hasa katika kipindi cha kuchora?

Tuchukue kipindi kimoja ambamo mwalimu ameweka kikombe juu ya meza na kuwaambia wanafunzi wa miaka kumi au kumi na mmoja wakichore. Karibu wote watachora mdomo wa kikombe kama duara kamili, kwa kuwa wanajua kwamba mdomo wa kikombe ni duara, na watachora kitako chake kwa mstari ulionyooka, kwa kuwa wanajua kwamba kikombe kimekaa juu ya meza bapa. Hakuna hata mmoja aliyekiona kikombe kikiwa hivyo. Kwa mtu aliyeketi mbele yake, mdomo unaonekana kama duaradufu, na kitako nacho kinapinda, tena kinapinda zaidi ya mdomo, kwa sababu kiko chini zaidi ya usawa wa macho.

Mwalimu anayeijua kazi yake hamchorei mtoto. Anamwambia afumbe jicho moja, anyooshe mkono bila kuukunja kiwiko, ashike penseli mlalo, na apime upana wa mdomo wa kikombe kuanzia ncha ya penseli hadi kwenye ukucha wa kidole gumba. Kisha aigeuze penseli wima na apime urefu wa uwazi uleule kutoka ukingo wa mbele hadi ukingo wa nyuma. Mtoto anagundua kwamba kipimo cha pili ni chini ya nusu ya kile cha kwanza, ilhali kwenye karatasi yake vimelingana. Anafuta. Anachora tena. Safari hii kikombe kinaanza kukaa juu ya meza badala ya kuning'inia hewani.

Katika muda huo mfupi mtoto ametenganisha anachokijua na anachokiona, amepima, amekubali kwamba kazi yake ya kwanza haikutosha, na ameirekebisha bila kuambiwa kwamba amefeli. Watafiti wa Project Zero, kituo cha Chuo Kikuu cha Harvard kilichoanzishwa mwaka 1967, waliketi katika madarasa ya sanaa wakiandika kile ambacho walimu wanakifundisha hasa, na mwaka 2007 walichapisha orodha ya tabia nane za akili. Miongoni mwake ni kutazama kwa makini, kuwaza kitu kisichokuwepo bado, kuvumilia kazi ngumu, kujaribu bila kuogopa kukosea, na kuitathmini kazi yako mwenyewe. Ustadi wa mkono ulikuwa mmoja tu kati ya mambo hayo manane.

Katika maigizo na muziki sura inabadilika, lakini kiini kinafanana. Mwanafunzi anayeigiza nafasi ya mtu asiyempenda analazimika kutafuta sababu ambazo mtu huyo anazo kwa matendo yake. Anayeimba sauti ya pili anajifunza kushika njia yake huku akiwasikiliza wenzake, na asipowasikiliza, kosa linasikika papo hapo bila mwalimu kulitaja.

Ni kweli kwamba sanaa hupandisha alama za hisabati na kusoma?

Hili ndilo dai linalotolewa mara nyingi zaidi katika kulitetea somo, na ndilo dhaifu kuliko yote. Wapenzi wa sanaa wangefanya vyema kuacha kulitegemea.

Chanzo kimoja cha dai hili ni jaribio lililochapishwa mwaka 1993, ambapo wanafunzi 36 wa chuo kikuu walisikiliza muziki wa Mozart kwa dakika kumi na kisha wakafanya vizuri zaidi katika maswali ya kukunja na kugeuza maumbo akilini. Athari hiyo ilidumu takriban robo saa. Hawakuwa watoto, hawakufundishwa muziki, na hakuna aliyepimwa akili yake kwa jumla. Lakini habari ilivuma kwa namna nyingine kabisa, hadi mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia nchini Marekani akapendekeza serikali igharimie muziki wa aina hiyo kwa kila mtoto anayezaliwa. Majaribio yaliyofuata yalionyesha kwamba kitu chochote kinachomchangamsha msikilizaji kinaweza kuleta athari ndogo kama ile.

Chanzo cha pili ni takwimu halisi zinazosomwa vibaya. Huko Marekani imeonekana kwa miaka mingi kwamba wanafunzi waliosoma sanaa kwa miaka minne ya sekondari hupata wastani wa juu zaidi katika mtihani wa kuingia vyuoni. Jambo hilo ni kweli, lakini halithibitishi kwamba sanaa ndiyo iliyowapandisha. Wanafunzi wanaochagua sanaa mara nyingi hutoka katika nyumba zenye vitabu na katika shule zenye fedha, na huenda wangefanya vizuri hata kama wangechagua somo jingine. Mambo mawili kuandamana hakumaanishi kwamba moja limezaa lingine.

Utafiti makini zaidi unatoa matokeo ya wastani. Mwaka 2004 mwanasaikolojia Glenn Schellenberg alichapisha jaribio ambamo watoto 144 wa miaka sita waligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi walipata masomo ya kinanda, wengine ya kuimba, wengine ya maigizo, na wengine hawakupata lolote. Baada ya mwaka, makundi yote yalikuwa yamepanda katika kipimo cha akili, kwa kuwa yote yalikuwa yameanza shule, lakini waliosoma muziki walipanda kwa takriban pointi 7 na wengine kwa takriban pointi 4. Tofauti hiyo ni ndogo. La kuvutia zaidi, na ambalo halitajwi sana, ni kwamba kundi la maigizo ndilo lililoboreka katika namna ya kuishi na wenzao. Uchambuzi mpana uliochapishwa mwaka 2020, uliokusanya tafiti 54 za mafunzo ya muziki kwa watoto, ulikuta kwamba kadiri utafiti unavyofanywa kwa umakini, ndivyo faida ya kiakili inavyosogea kwenye sifuri. Kwa upande mwingine, ripoti ya mwaka 2013 ya OECD, yaani Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, iliona ushahidi mzuri kwamba maigizo ya darasani huimarisha ufahamu wa hadithi na stadi za lugha, na hilo halishangazi, kwa kuwa kuigiza hadithi ni kuisoma kwa mwili mzima.

Upungufu wa dai hili si wa kitaalamu tu. Somo linalotetewa kwa sababu linasaidia hisabati litaondolewa siku ambayo mtu ataonyesha kwamba kuongeza kipindi cha hisabati kunasaidia hisabati zaidi, na bila shaka ataonyesha. Hakuna anayeuliza kama hisabati huboresha uchoraji.

Basi, kuna ushahidi gani wa manufaa?

Upo, na baadhi yake umepatikana kwa njia ya bahati nasibu, ambayo ndiyo njia inayoaminika zaidi. Katika jiji la Houston nchini Marekani, shule 42 zenye wanafunzi zaidi ya 10,000 ziliingizwa katika utafiti ambamo nusu ya shule ziliongezewa elimu ya sanaa kupitia ushirikiano na wasanii na taasisi za sanaa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba idadi ya wanafunzi walioadhibiwa kwa utovu wa nidhamu ilipungua kwa pointi 3.6 za asilimia, alama za uandishi ziliongezeka, na wanafunzi walionyesha zaidi kuwajali wengine. Alama za hisabati, sayansi na kusoma hazikubadilika kwa kiwango cha kutajika, yaani hazikupanda wala hazikushuka.

Utafiti mwingine ulifanyika baada ya jumba la makumbusho la Crystal Bridges kufunguliwa katika jimbo la Arkansas mwaka 2011. Shule zilizoomba kutembelea zilikuwa nyingi kuliko nafasi, kwa hiyo kura ikapigwa, na watafiti wakapata makundi mawili yanayolingana yenye takriban wanafunzi 11,000. Ziara yenyewe ilikuwa ya saa moja hivi. Wiki kadhaa baadaye, waliokwenda walipoonyeshwa mchoro ambao hawajawahi kuuona waliueleza kwa undani na kwa hoja bora kuliko ambao hawakwenda, na faida ilikuwa kubwa zaidi kwa wanafunzi wa shule za vijijini na za watu maskini. Huyo ndiye mwanafunzi ambaye, isipokuwa shule impeleke, hatapelekwa na mtu mwingine.

Faida ya kutazama kwa makini haiishii utotoni. Katika Chuo Kikuu cha Yale, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa udaktari walipelekwa kuchunguza michoro ya watu katika jumba la sanaa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba walikuwa hodari zaidi wa kutambua dalili katika picha za wagonjwa kuliko wenzao waliohudhuria mihadhara ya kawaida.

Vipindi vya sanaa havipokonyi muda wa masomo ya mtihani?

Vinachukua muda, na si haki kujifanya kwamba havichukui. Lakini kiasi chake kinatiwa chumvi. Katika ratiba yenye vipindi 40 kwa wiki, viwili vya sanaa ni asilimia 5. Shule ambayo matokeo yake ya hisabati ni mabaya ikiwa na vipindi vyake vya kawaida ina tatizo la ufundishaji, la mahudhurio au la msongamano wa darasa, na kuongeza vipindi viwili vya namna ileile ya ufundishaji hakutaliondoa. Matokeo ya Houston yaliyotajwa hapo juu yanaonyesha kwamba muda uliotolewa kwa sanaa haukushusha masomo mengine.

Mwanangu hana kipaji cha sanaa. Kuna faida gani kumlazimisha?

Hatumwondoi mtoto kwenye somo la kusoma kwa sababu hana kipaji cha utunzi, wala kwenye michezo kwa sababu hatakuwa mwanariadha. Shule haifundishi sanaa ili kuzalisha wasanii, bali ili kila mtu azimalize siku za shule akijua kutazama, kusikiliza, kuunda na kuhukumu kilichoundwa na wengine.

Zaidi ya hayo, kinachoitwa kukosa kipaji mara nyingi ni umri. Mtaalamu wa elimu ya sanaa Viktor Lowenfeld, katika kazi yake ya mwaka 1947 kuhusu hatua za ukuaji wa michoro ya watoto, alieleza kwamba mtoto mdogo huchora bila hofu, lakini kati ya miaka 9 na 12 huanza kutaka mchoro wake ufanane na kitu chenyewe. Macho yake ya kuhukumu yanamtangulia mkono. Akiona pengo hilo, na asiwepo mtu wa kumwonyesha namna ya kulipunguza, anasema hajui kuchora na anaacha. Watu wazima wengi wanachora hadi leo kama walivyochora wakiwa na miaka kumi, kwa sababu huko ndiko mafundisho yalikokatikia. Kwa hiyo, kuliondoa somo katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, kama shule nyingi zinavyofanya mtihani unapokaribia, ni kuliondoa hasa pale linapohitajika.

Kazi ya sanaa inasahihishwaje kwa haki?

Swali hili hudhaniwa kuwa gumu kuliko lilivyo. Mwalimu haulizwi kama mchoro unampendeza. Anaulizwa kama mwanafunzi ametumia mbinu zilizofundishwa, kama amejaribu njia zaidi ya moja, kama anaweza kueleza kwa nini alichagua rangi hii au sauti ile, na kama kazi ya mwisho imesonga mbele kutoka ile ya kwanza. Njia inayofaa zaidi ni jalada la kazi, ambamo mwanafunzi huhifadhi rasimu zote pamoja na kazi iliyokamilika. Mwanafunzi aliyeanza chini na kupanda sana anaonekana, na aliyeletewa kazi iliyofanywa na kaka yake naye anaonekana, kwa kuwa hana rasimu.

Ubunifu kwa jumla umeanza kupimwa kimataifa pia. PISA, mpango wa OECD wa kupima wanafunzi wa nchi mbalimbali, mwaka 2022 uliwapima wanafunzi wa miaka 15 kutoka nchi na maeneo 64 katika fikra bunifu, na Singapore ikaongoza. Vipimo vya aina hiyo vina manufaa ya kuwashtua watunga sera, ingawa karatasi ya maswali ya saa moja haiwezi kuchukua nafasi ya jalada la mwaka mzima.

Je, somo liwe na mtihani wa taifa ili liheshimiwe?

Hapa pana utata wa kweli. Somo lisilo na mtihani hupokonywa vipindi vyake kimyakimya, na hilo kila mwalimu analijua. Uingereza ilitoa mfano bila kukusudia: mwaka 2010 ilipotangazwa kwamba shule za sekondari zitapimwa kwa kundi maalumu la masomo ambalo halikuwa na somo hata moja la sanaa, idadi ya wanafunzi wanaofanya mitihani ya sanaa ilishuka katika miaka iliyofuata, ingawa hakuna sheria iliyolifuta somo lolote. Kinachohesabiwa ndicho kinachofundishwa.

Kwa upande mwingine, mtihani mbaya unaweza kuliua somo kwa kulikumbatia. Panapokuwa na karatasi ya maswali ya kuchagua jibu, ambamo mwanafunzi anataja aina tatu za brashi bila kuwahi kushika hata moja, walimu watafundisha kukariri majina ya brashi. Kwa maoni yangu, ni afadhali jalada la kazi linalokaguliwa na mwalimu wa shule nyingine, hata kama alama zake ni chache, kuliko mtihani wa nadharia wenye alama mia.

Shule yetu haina vifaa. Tuanzie wapi?

Muziki wa kuimba, maigizo na ngoma vinahitaji sauti, mwili na nafasi ya kusimama. Shule inayosubiri chumba cha sanaa ndipo ianze ingeweza kuanza kesho asubuhi kwa masomo haya.

Kwa uchoraji, penseli laini na karatasi zilizoandikwa upande mmoja zinatosha kwa muhula mzima. Mkaa wa kuchorea hutengenezwa kwa vijiti vyembamba vilivyokauka, vilivyopangwa na kubanana ndani ya kopo la bati lenye kifuniko kilichotobolewa tundu dogo. Kopo huwekwa kwenye moto nje, chini ya uangalizi wa mtu mzima, hadi moshi unaotoka tunduni uishe, kisha huachwa lipoe kabisa kabla ya kufunguliwa, kwa sababu likifunguliwa likiwa na moto, hewa itaingia na vijiti vitageuka majivu. Udongo wa mfinyanzi, magazeti ya zamani na gundi hukamilisha orodha ya mwanzo.

Jambo ambalo haliwezi kubuniwa kwa njia ya mkato ni muda. Shule yenye vifaa vichache na vipindi viwili vya uhakika kila wiki itafika mbali kuliko shule yenye kabati lililojaa rangi ambalo hufunguliwa wakaguzi wanapokuja.

Mwalimu wa darasa anaweza kufundisha sanaa, au lazima awepo mtaalamu?

Katika madarasa ya chini mwalimu wa darasa anaweza, mradi amepata mafunzo na hajali kuchafuka. Kuanzia umri ule wa miaka tisa au kumi mtaalamu anahitajika, kwa sababu mtoto anaanza kuuliza maswali ambayo moyo wa ukarimu peke yake hauwezi kuyajibu: kwa nini mkono huu unaonekana mfupi, kwa nini sauti yangu inakwaruza nikipanda juu. Mahali ambapo hakuna fedha za mtaalamu kwa kila shule, mtaalamu mmoja anayezunguka shule tatu au nne ni suluhisho linalokubalika. Msanii wa jirani anaweza kualikwa na kuleta mambo mengi, lakini mgeni wa siku moja halingani na mtu mwenye kumfuata mtoto mwaka hadi mwaka.

Hatuwezi kuingiza sanaa ndani ya masomo mengine na kuokoa vipindi?

Kuigiza tukio la historia au kuchora sehemu za ua ni mbinu nzuri za kufundisha historia na sayansi. Lakini mwanafunzi anayechora ua kwa ajili ya sayansi husahihishwa kama ametaja sehemu zote, na hakuna anayemwambia lolote kuhusu mstari wake. Kwa hiyo mbinu hiyo itumike, ila isiandikwe kwenye ratiba kama ndiyo somo la sanaa.

Watoto wenye ulemavu wanashirikije?

Mara nyingi kwa urahisi zaidi kuliko katika masomo mengine, iwapo mwalimu amepanga mapema. Mwanafunzi asiyeona hufinyanga udongo kwa vidole vilevile anavyosomea, asiyesikia hufuata mdundo kwa mtetemo wa ngoma na kwa macho, na mwenye ugumu wa kushika penseli hufungiwa kitambaa kinene kwenye mpini wake. La kuepukwa ni kumpa kazi nyepesi ya kumshughulisha huku wenzake wakifundishwa.

Sanaa ina ajira?

Inazo, katika matangazo, filamu, ujenzi, mavazi, samani, uchapishaji na michezo ya kompyuta. Wengi wa wanafunzi hawatazifanya, kama ambavyo wengi wao hawatakuwa wanakemia.

Kuna haja gani ya kujifunza kuchora ilhali programu za kompyuta sasa zinachora zenyewe?

Programu hizo hutoa picha kwa sekunde chache, na zitazidi kuwa bora. Kinachobaki kwa mtumiaji ni kuamua nini kiombwe, kutambua kwamba picha iliyoletwa ina kivuli kinachoelekea upande usiofaa au mkono usioungana na bega, na kusema kwa nini ya tatu ni bora kuliko ya kwanza. Uamuzi huo unatoka kwa mtu aliyewahi kupambana na kivuli kwa mkono wake mwenyewe. Isitoshe, kipindi cha kikombe kilichoelezwa hapo juu hakikufanyika kwa sababu dunia ilikuwa na upungufu wa michoro ya vikombe.

Mzazi anayetaka kujua hali ya sanaa katika shule ya mwanawe aulize nini?

Aombe kuiona ratiba ya darasa la mwanawe, kisha amuulize mtoto ni nini kilichofanyika katika kipindi cha sanaa cha wiki iliyopita, kwa kuwa majibu hayo mawili hayalingani kila mara. Aulize ni nani anayefundisha na amesomea nini, kazi za wanafunzi huhifadhiwa wapi, na kama rasimu huhifadhiwa pamoja na kazi zilizokamilika. Mwisho aulize vipindi hivyo huwa na hali gani katika muhula wa mitihani. Kama jibu ni kwamba hutumika kwa marudio ya masomo mengine, basi shule ina somo la sanaa kwa nusu ya mwaka tu, na suala hilo linafaa kupelekwa kwenye kikao cha wazazi kabla ratiba ya mwaka unaofuata haijapangwa.